Bipu Zilizoishia Zambia

Pale Johannesburg, upande wa Joubert Park, kwenye kona zinaposimama teksi za kwenda Yeoville, palikuwa na mwavuli wa njano. Chini yake palikuwa na kreti la soda lililopinduliwa, sufuria ya mayai ya kuchemsha iliyofunikwa taulo, boksi la laini za simu, na Masika. Mtu akikuelekeza njia hakuhangaika na namba za majengo. Alikwambia tu, ukifika kwa Masika kata kushoto.

Sasa nimerudi kwetu Tanga, na watu wakiniuliza habari za Afrika Kusini wanataka niwaeleze maghorofa na wezi. Maghorofa niliyaona. Wezi sikuwaona, labda wao waliniona wakaniacha. Ninayemkumbuka mimi ni Masika.

Kwetu masika ni mvua. Kwao Butembo, huko Kongo ya mashariki, ni jina la mtoto wa kike, na yeye alishachoka kuelezea. Mtanzania akimcheka, alimjibu, "Basi fungua mwavuli."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo tangu utotoni. Baridi au joto, alivaa jaketi la ulinzi la mumewe Ruphin, lile la zamani, beji imebanduliwa pakabaki alama ya mviringo kifuani. Shingoni alining'iniza mkasi mdogo kwa kamba ya kiatu. Miaka ile kila simu ilitaka laini ya ukubwa wake, nyingine pana, nyingine kama punje ya kunde, na Masika alizikata kwa mkasi ule kwa jicho tu, huku anamjibu mteja mwingine. Akija Mzulu alimwamkia Kizulu. Mrundi alimtania kwa Kifaransa. Vijana wa mtaani aliwaambia "sharp, sharp", salamu yao ya huko, na kuwafukuza wasiuegemee mwavuli wake. Sisi alitusemesha Kiswahili cha kwao, ambacho mwanzoni nilikisikia kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Baadaye nilikizoea, na leo redioni akiongea Mkongo huacha ninachofanya nikakaa.

Nilikwenda huko mwaka 2016, mwezi wa saba, kumwangalia mwanangu Nasra aliyekuwa amejifungua. Sikutaka kwenda. Si kwamba simpendi Nasra, ila nilikuwa na dada yangu, Mwanatumu.

Da Tumu na mimi tumezaliwa wawili tu kwa mama yetu. Tulipoolewa tulikaa nyumba moja pale Ngamiani, chumba changu na chake vimepakana. Kila alfajiri, aliyeamka kwanza aligonga ukuta: mara moja, akanyamaza, kisha mara mbili za harakaharaka. Maana yake, nimeamka mzima, na wewe je? Mwenzake alijibu vilevile. Waume zetu walilalamika kwamba tutaubomoa ukuta. Wao wakafa, ukuta ukabaki. Kisha nyumba ikauzwa, yeye akahamia Mabawa, mimi Chumbageni, tukawa watu wasio na ukuta.

Simu za mkononi zilipokuja ndipo tukaurudisha. Bipu moja, kimya, bipu mbili. Hatukuwa tunapokea. Mwenye kupokea bipu ya alfajiri ameharibu, ni kama umgongee mtu ukuta naye auvunje aje kukutazama. Na mimi dole gumba langu lilisifika. Napiga, inalia nusu ya mlio, nimeshakata. Hakuna aliyewahi kuninasa, na wapo waliojaribu.

Msidhani ulikuwa mchezo wa vikongwe. Mwaka mmoja kabla ya safari yangu, Da Tumu hakujibu. Nilitoka Chumbageni na kanga zangu begani, sikunywa hata maji, nikamkuta ameanguka uani, presha imepanda, mdomo umekwenda upande. Daktari alisema ningechelewa kidogo ningekuta maiti. Alipona, lakini aliendelea kukaa peke yake, na hakuna mtu mwingine Tanga nzima aliyekuwa akiiulizia alfajiri yake.

Nilipomwambia naondoka, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Nenda," akasema. "Ukishavuka mpaka utanisahau kama waliokutangulia."

"Alfajiri ya kwanza nikiwa huko utanisikia."

"Tutaona."

Da Tumu akisema tutaona, maana yake yeye ameshaona.

Basi nikafika Johannesburg, alfajiri ya kwanza nikaishika simu, na simu ikaniambia hakuna mtandao. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaenda nayo dirishani, nikaenda nayo kwenye ngazi, nikapanda nayo mpaka juu kunakoanikwa nguo. Ile laini yangu ya Tanga ilikuwa kipande cha plastiki.

"Mama, laini za nyumbani huku hazishiki," Nasra akasema, mtoto yuko begani. "Ungeniuliza kabla ya kuondoka. Chukua simu yangu, mbipu khalati."

"Nikuombe simu kila alfajiri kama mtoto anayeomba peremende?"

"Mama, ni bipu tu."

"Na ukienda saluni na simu yako, naye akataka kujibu, atamjibu nani? Wale wateja wako wa kusuka?"

Nasra akampigia mwenyewe. Da Tumu alizungumza naye vizuri, akauliza mtoto ana uzito gani, ananyonya vipi. Kisha akasema, "Mwambie mama yako nimesikia kwamba amefika," akakata. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, sikio langu limegusa la Nasra.

Ndipo niliposhuka kwa Masika. Nilikuwa na hasira, sikungoja hata aniamkie.

"Laini yangu imekufa," nikamwambia.

Aliichomoa, akaipuliza, akaitazama kwenye mwanga. "Haikufa, maman. Inalala tu. Réseau, ile mtandao ya kwenu, haifike huku."

"Basi iamshe."

"Mi si Yesu." Akafunua boksi lake. "Nunua ya huku. Hizi ziko tayari, kila moja iko na jina kabisa."

"Jina la nani?"

Akaigeuza aliyoishika. "Hii ni ya Emery."

"Emery ni nani?"

"Alikuwa jirani yetu. Alienda Canada."

"Na hiyo nyingine?"

"Ya Gaëlle. Huyu simujue, lakini ni jina nzuri."

Akanieleza mambo ya huko. Laini haifunguki mpaka iandikishwe kwa jina la mtu, kwa pasipoti na karatasi inayoonyesha unakaa wapi. Pale waliita kurika. Pasipoti ninayo, lakini karatasi ya makazi ningeitoa wapi? Mkwe wangu Suhaib alipanga kwa mtu aliyepanga kwa mtu, na kodi tulimpa mkononi mzee mmoja wa lifti. Wageni wengi walikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo laini za watu waliohama zilipita mkono kwa mkono, na mtu alikaa miaka mitano na jina la mwenzake mfukoni bila kukosa usingizi.

"Mimi ni Kidawa binti Pandu," nikamwambia. "Nimeitwa hivyo tangu siku ya saba. Sitakuwa Gaëlle uzeeni."

"Maman, ni laini, si ubatizo."

Nilikuwa na sababu nyingine, na nikamwambia. Kwetu ukimtumia mtu fedha kwa simu, jina la mwenye laini linajitokeza. Niliamini na bipu ni hivyo hivyo. Simu ya Da Tumu iwake alfajiri, itokee Emery? Mjane mwenye heshima zake, mwanamume anambipu kabla ya jua? Masika aliapa kwamba bipu haionyeshi jina. Sikumwamini, na hata nilipoanza kumwamini, mimi mwenyewe ningejua.

"Uko kichwa nguvu," akasema. Kwao ndivyo wanavyomwita mbishi.

"Nimeshaambiwa na walionizidi umri."

Akacheka mpaka mkasi ukaruka kifuani. Akanivutia kreti la pili, nikakaa.

Nikawa nashuka kila siku Nasra akishampa mtoto ziwa. Nilisema nakwenda kumsisitiza Masika anitafutie njia, lakini kusema kweli pale chini palikuwa na jua, na watu, na Kiswahili. Nilimpangia mayai, yaliyopasuka upande wake. Nilimletea maandazi ya iliki, akasema ni matamu ila yana manukato kama bibi harusi. Yeye alinisimulia Butembo: vilima, ukungu, viazi vya kwao, watu wanavyovaa makoti mwezi wa Desemba. Mama yake alikaa kijiji kisicho na mtandao. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kilima na simu yake kwenye kikapu, akifika juu anampigia Masika, wanaongea mpaka upepo uzidi.

"Akapanda miaka mingi," Masika akasema. "Kisha Jumapili moja hakupanda."

Alikata laini ya mteja, akampa, akamrudishia chenji. Mimi nikalivuta taulo la mayai, ingawa lilikuwa sawasawa.

Wiki ya pili Nasra akanipandishia presha. Da Tumu alikuwa hapatikani kwenye simu. Nasra akampigia jirani yake wa Mabawa, yule mwenye genge, na jirani akasema bibi yupo, mzima, ila simu yake ameizima.

"Anasema haina kazi," Nasra akaniambia. "Anaiwasha alfajiri tu. Jua likitoka anaizima."

Nilishuka ngazi zote bila kushika ukuta. Dada yangu alikuwa ananingoja. Mwenyewe asingekubali hata umpe nini, lakini alikuwa anaiwasha alfajiri akinisubiri, na alfajiri zilikuwa zinapita.

Masika alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Njia iko moja. Unaenda polisi, unaapa kama unaishi hapa, banapiga muhuri. Ni ya bure. Muhuri ule naweza kukurika nao."

"Siku zote hizi hukuniambia?"

"Sikupenda."

"Twende."

"Nitakuelekeza, maman. Ni kule, ukipita robot ya pili."

"Kiingereza sina, Kizulu sina. Nitaapa kwa lugha gani?"

Akayatazama mayai. Akaitazama njia. Kisha akaukunja mwavuli, jambo ambalo sijawahi kumwona analifanya mchana, akamwachia Mrundi mmoja mshona viatu wa jirani sufuria na boksi, akauchukua mwavuli kwapani, tukaenda.

Alikwenda mbio mpaka ile taa ya barabarani ya pili, wanayoiita robot. Kituo cha polisi kikaonekana, naye akasimama. Taa ikawa kijani watu wakavuka, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Nikamwuliza ana nini. Akatoa mfukoni mwa jaketi karatasi yake ya ukimbizi, iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka. Muda wake ulikwisha tangu Pasaka. Kuihuisha ni kwenda Pretoria, na kwenda Pretoria ni kuiacha kona, na kona ukiiacha siku nzima unarudi unamkuta mwingine ameikalia na mwavuli wake.

"Na humo wakikuuliza karatasi?"

"Nitaonyesha hii."

"Kisha?"

Akaikunja tena, akairudisha mfukoni.

Nilimtazama na lile jaketi lake lenye alama ya beji. Nikaona mimi na jina langu tumefika mbali mno.

"Turudi," nikasema. "Nipe ile ya Gaëlle. Ni jina zuri."

"Hapana, maman." Alinishika mkono juu ya kiwiko kama polisi mwenyewe. "Umenitesa na hilo jina yako wiki mbili. Leo utaingia nalo."

Ndani palikuwa na baridi kuliko nje. Kwenye kaunta alikaa mwanamke mnene wa polisi, blanketi limefunika magoti yake. Alimtazama Masika, akautazama mwavuli, akauliza kitu kwa Kizulu. Masika akajibu kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba aliulizwa, wewe si ndiye wa mayai? Na alipokubali, aliulizwa kwa nini leo hakuja nayo.

Yule mama akaniuliza kwa kinywa cha Masika ninakaa wapi, na nani, ghorofa ya ngapi. Nikaapa. Akaandika, kisha akanisogezea kidau cha wino ili nibonyeze kidole. Nikakirudisha. Kalamu niliijulia ukubwani, darasa la watu wazima, na jina langu ndilo nililoanza nalo. Nikaomba kalamu kwa ishara, nikaandika KIDAWA PANDU, nikaumaliza mstari wote na kuingia kidogo kwenye wa jirani. Yule mama akasema neno, Masika akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke konani.

"Anasema umeandika kama unachimba."

"Mwambie nataka wasinifute."

Akamwambia. Muhuri ukapigwa. Karatasi ya Masika hakuna aliyeiulizia.

Nje Masika akaegemea ukuta, akavuta pumzi. Kisha akaufungua mwavuli pale pale njiani, jua lenyewe limefifia na mvua haipo, tukarudi tumetembea chini yake sote wawili. Watu walitupisha. Jioni ile nilikuwa na laini, na ilikuwa ya Kidawa.

Hapo ndipo mngedhani mambo yameisha.

Alfajiri iliyofuata, adhana ilipotoka kwenye simu ya Suhaib, niliswali, nikambipu Da Tumu. Akanijibu yule mwanamke wa kampuni ya kwetu, anayesema mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Niliipiga mara tatu. Mara mbili za mwisho nilikuwa namsikiliza yeye, alivyo na Kiswahili kizuri kisicho na haraka. Kisha nikashuka kwa Masika na uso mrefu.

"Maman, jua linaanzia kwenu," akasema. "Wakati wewe unaswali, kule banakunywa chai. Dada yako ameshazima."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Tangu nizaliwe alfajiri ilikuwa moja. Kesho yake nikaamka mapema zaidi, wa kwetu wakiwa wanaamka, nikabipu. Safari hii yule mwanamke hakusema kitu. Nilisikia mlio, nikakata. Moja, kimya, mbili. Nikangoja. Simu haikuwaka. Siku ya pili yake vilevile. Nikaanza kuwaza kwamba labda Da Tumu anaiona namba ngeni, anadhani ni wale matapeli wa kutuma ujumbe wa ushindi. Au anajua ni mimi na ameamua. Yeye ni mtu wa kuamua.

"Kesho njoo ubipu kwangu," Masika akasema. "Nataka nione."

Saa zile yeye alikuwa macho siku zote, anachemsha mayai ya watu wa teksi za kwanza. Chumba chao kilikuwa mwisho wa korido yetu. Nilimkuta na sufuria jikoni, dirisha limejaa mvuke, na Ruphin ameketi kitandani anavua buti, ndiyo kwanza ametoka lindoni. Aliniamkia akageukia ukutani kwa adabu.

Nikabipu. Masika aliinamia mkono wangu na kijiko kikiwa mkononi mwake.

"Rudia tena," akasema.

Nikarudia.

"Umekata?"

"Nimekata. Imelia nusu, nimekata. Mimi huwa sinaswi."

Akaweka kijiko chini. "Maman. Ule mlio si wa Tanga. Ni wa njiani. Ile simu inatoka hapa, inapita Zimbabwe, inapita Zambia. Wewe unaikata ingali Zambia."

Kutoka kitandani mabega ya Ruphin yakaanza kutikisika.

Nikafikiri alfajiri zote zile, mimi na dole gumba langu lenye sifa, bipu zangu zinadondoka Zambia moja baada ya nyingine, na dada yangu ameishika simu Mabawa, iko kimya.

"Iache itembee," Masika akasema. "Mi huwa naimba ubeti moja wa kanisa, kisha nakata."

"Mimi nyimbo za kanisa alfajiri siimbi."

"Basi imba yako."

Nikapiga. Nikasoma Kulhuwallahu moja taratibu, simu iko sikioni, na dole linanichonyota kwa hamu ya kukata. Nilipomaliza ndipo nikakata. Nikanyamaza kidogo. Nikapiga tena, nikasoma, nikakata, na mara ya tatu bila kupumzika. Kisha nikaiweka simu mezani, karibu na mayai yaliyokwisha kuiva. Masika akazima jiko, maji yakaacha kuchemka.

Simu ikawaka. Ikalia mara moja, ikakatika.

Masika akataka kusema neno, nikamwinulia kiganja.

Ikalia tena, ikakatika, na papo hapo ikalia nyingine. Mbili za harakaharaka, kama zilivyokuwa zikija kwenye ukuta wa Ngamiani, waume zetu wangali hai wanagumia na kujigeuza. Nilikaa kwenye kiti cha Masika. Nilidhani yamekwisha, lakini simu ikawaka mara nyingine, na hii haikukatika. Nikaingoja ikatike. Ikaendelea. Da Tumu, ambaye maisha yake yote hajawahi kunipigia akaiacha ilie, alikuwa anaiacha ilie.

Nikapokea.

"Ulikuwa wapi wewe?" akasema.

"Zambia," nikamwambia.

Kisha nikamsikia anacheka, kile kicheko chake cha puani anachokificha kwa upindo wa kanga, na jogoo wa jirani yake akiwika nyuma yake. "Umechelewa," akasema, akakata.

Nilikaa Johannesburg karibu miaka mitatu, na haikupita alfajiri bila ukuta wetu kugongwa. Masika alikwenda Pretoria mwezi uleule, nikamkalia kona mimi, na jaketi lake nimevaa. Aliporudi na karatasi mpya wateja walimlalamikia kwamba yule bibi haachii yai mpaka umwamkie. Akawaambia wana bahati, mimi ninakuwa mpole siku hizi.

Nilirudi Tanga mwaka 2019. Da Tumu na mimi sasa tunakaa nyumba moja, Mabawa kwake, vyumba vimepakana. Alfajiri anagonga, nami nagonga, na wapangaji wanalalamika. Ile laini ya Johannesburg iko kwenye kikopo cha vifungo. Haishiki huku, inalala tu, lakini ina jina langu.

Baada ya Da Tumu kugonga hupita saa nzima, chai imeshamiminwa, ndipo simu yangu inapowaka juu ya meza. Najua kule ndiyo alfajiri, mayai yako jikoni na dirisha lina mvuke. Dada huniambia, "Huyo mtu wako wa mvua." Sipokei. Naiacha ilie, nayo hulia muda mrefu, maana Masika anaijua njia ilivyo ndefu, na hakati mpaka ubeti wake uishe.